Jinsi ya kuanzisha makumbusho madogo ya maisha ya wafanyakazi: mwongozo kamili kutoka Moshi

Taa ya baba iliuzwa kwa kilo. Ilikuwa taa ya reli, ya bati zito, yenye vioo vya rangi, aliyoishika kila treni ya usiku ilipoingia stesheni ya Moshi. Alipofariki tulisafisha stoo, kijana wa vyuma chakavu akapita na toroli lake, na taa ikapanda mizani pamoja na sufuria zilizotoboka na jembe lisilo na mpini. Kaka aliyeiuza simlaumu. Mimi mwenyewe nimekulia mle ndani, nikaipita ile taa miaka na miaka ikining'inia msumarini, na sikuwahi kumuuliza mzee kioo chekundu alikigeuza wakati gani.

Tangu hapo mimi na majirani tunakusanya vitu vya wafanyakazi wa mji huu: wa reli, wa kahawa, wa miwa, mafundi, wapishi, makuli. Tulianza na kabati moja, tukahamia kwenye meza, sasa tuna chumba kizima huku Njoro. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kufanya hivyo mtaani kwake, iwe Pasua, Majengo au Kiboriloni, au Unga Limited na Kaloleni kule Arusha. Kuanza hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji chumba kisichovuja, kaunta buku mbili, simu inayorekodi sauti, na watu watatu wasiochoka haraka.

Neno moja kabla ya yote, maana hatua zote zinalizunguka: kitu kipokelewe pamoja na maneno yake, siku ileile. Ukisema "nitarudi wiki ijayo kuchukua maelezo", mara nyingi utarudi msibani.

Hatua ya 1: Chagua kazi moja au mtaa mmoja

Kosa letu la kwanza lilikuwa kutaka kila kitu. Miezi sita baadaye chumba kilijaa majembe na hatukuwa na habari kamili ya kazi hata moja.

Moshi imelelewa na kazi nyingi. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ikafika Arusha. Wakulima wa kahawa wa mlimani walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Kahawa yao ilishuka mjini kukobolewa, kuchambuliwa na kupangwa kwa gredi, na nyuma ya kila gunia lililosafirishwa walikuwepo wanawake waliokaa wakichagua punje mbaya kwa mikono. Kusini mwa mji, Arusha Chini, shamba la miwa la TPC lilianzishwa mwaka 1930 na Mdenmark A.P. Møller, likavuta vibarua kutoka mikoa mingi. Arusha nako kulikuwa na nguo za Kiltex, na matairi ya General Tyre, kiwanda kilichosimamisha uzalishaji mwaka 2009. Kila moja ya hizo ingejaza nyumba nzima.

Kipimo tunachokitumia sasa ni hiki. Kaa chini uandike majina ya wazee kumi waliofanya kazi hiyo, walio hai, unaoweza kuwafikia kwa miguu au kwa bodaboda ya bei ndogo. Ukipata kumi, hiyo ndiyo kazi yako. Ukipata watatu, warekodi hao watatu mwezi huuhuu, lakini makumbusho yako yajenge juu ya kazi nyingine.

Na usiishie getini mwa kiwanda. Mfanyakazi alipanga chumba, alicheza kibati (upatu), alichangia misiba, aliimba kwaya, Jumapili alipanda mlimani kihambani, kwenye shamba la nyumbani, na kurudi na mkungu wa ndizi. Mshahara wake ulikuwa na wenyewe hata kabla haujatoka. Hayo yote ni kazi yake pia, na ndiyo yanayomfanya mgeni asimame akumbuke nyumbani kwao.

Hatua ya 2: Nenda ukaone

Kabla hujapigilia msumari hata mmoja, nenda Arusha. Karibu na Mnara wa Mwenge kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyofunguliwa mwaka 1977 ndani ya ukumbi wa jamii ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 na kulipitisha Azimio. Azimio lilimtaja mfanyakazi na mkulima kama wenye nchi, kwa hiyo chumba chako ni ndugu mdogo wa jengo lile. Ukimaliza hapo, tembea hadi Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya boma la Wajerumani.

Nenda na kalamu. Angalia picha zimening'inizwa kwa urefu gani. Simama pembeni utazame wageni: wanasoma maelezo gani mpaka mwisho, na yapi wanayapita? Mtoto anainama wapi? Zungumza na mhifadhi, umweleze unachotaka kufanya. Watu wa makumbusho wana moyo wa kufundisha, hasa ukifika siku ambayo hakuna msafara wa shule.

Mbali kidogo ipo mifano miwili inayofaa kutafutwa mtandaoni. Afrika Kusini, karibu na Cape Town, yapo makumbusho ya Lwandle, yaliyofunguliwa tarehe 1 Mei 2000. Wao walihifadhi bweni la wafanyakazi wahamiaji, Hosteli namba 33, na jengo lenyewe ndilo linalosimulia. Copenhagen nako kuna Arbejdermuseet, ndani ya ukumbi uliojengwa na wafanyakazi wenyewe mwaka 1879. Mle ndani wamehifadhi makao ya familia moja ya kibarua, jiko na vitanda. Nilipoona picha zake niliacha kuwaza makabati ya vioo, nikaanza kuwaza chumba.

Hatua ya 3: Wazee kwanza, vitu baadaye

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi kuliko pengine popote.

Usiende na kinasa sauti siku ya kwanza. Nenda usalimie. "Shikamoo mzee", kaa ulipokaribishwa, kunywa ulichopewa, jitambulishe wewe ni mtoto wa nani. Huku kwetu mtu atataka kujua ukoo wako na unatoka upande gani wa mlima kabla ya kukuambia alilipwa kiasi gani. Mwambie umekuja akufundishe kazi yake. Siku ya pili beba sukari na majani ya chai, na rafiki wa kuandika.

Usianze na "nieleze historia yako". Utapewa hotuba: alizaliwa, alisoma, akaajiriwa, akastaafu, basi. Anza na mwili na saa. Maswali yaliyotufungulia milango ni haya:

- Ulikuwa ukiamka saa ngapi, na nani alikuamsha?
- Ulitoka nyumbani umekula nini? Mchana ulikula wapi?
- Siku yako ya kwanza kazini nani alikufundisha, na ulikosea nini?
- Mwili ulikuuma wapi zaidi?
- Mshahara wa kwanza ulinunua nini?
- Mtoto alibaki na nani?
- Nani mlimwogopa? Mlimwitaje akiwa hayupo?
- Siku mliyogoma, au mliyotaka kugoma, ilikuwaje?

Swali la mtoto waulize na wanaume. Kimya chao kinafundisha.

Kwa waliokuwa kazini miaka ya 1970, taja Mwongozo wa TANU wa 1971, lile tamko la chama tawala. Kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno na kuwanyanyasa walio chini yao, na wafanyakazi wa viwanda wengi nchini walikishika kama ngao. Mzee aliyekuwa anasinzia utamwona amekaa wima.

Mama yangu alikuwa mchambuaji wa kahawa, wa msimu. Nilipomrekodi mara ya kwanza nilimuuliza habari za kazi, akajibu kwa dakika nne, akasema hakuna cha ajabu, tulichambua tu. Safari iliyofuata nilimwagia kahawa iliyokobolewa kwenye sinia nikaiweka mapajani pake. Mikono ikaanza kazi yenyewe. Nyeusi huku, zilizotobolewa na wadudu huku, zilizovunjika pale. Akaongea saa nzima bila kuinua macho: jinsi PB, ile punje moja ya mviringo, inavyoteleza kwenye vidole tofauti na zile bapa, jinsi vumbi lilivyokaa kooni hadi usiku, wimbo gani uliwasaidia kusogeza saa. Tangu siku hiyo hatumhoji mtu mikono mitupu. Mkataji miwa mpe panga, dereva mpe usukani hata wa gari bovu, mshonaji mkalishe kwenye cherehani.

Kuhusu kurekodi: weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, mezani, kama hatua moja kutoka mdomoni mwake. Iweke isipokee simu. Zima feni na redio. Rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo uendelee. Mwanzoni sema tarehe, mahali na jina la anayehoji. Jogoo na adhana viache, ndiyo Moshi yenyewe. Jioni hiyohiyo nakili faili sehemu tatu: kompyuta, memori kadi, na kwa mtu anayeishi nyumba nyingine. Sisi tulipoteza mahojiano mawili kwa simu iliyoanguka kwenye ndoo ya maji. Mmoja wa wale wazee hatutamhoji tena.

Ruhusa ichukuliwe kwa maandishi na isomwe kwa sauti, maana si kila mzee atakuambia kwamba haoni vizuri. Achague mwenyewe: jina litajwe au lifichwe, sauti isikike chumbani tu au hata mtandaoni, na ajue anaweza kubadili mawazo. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ni vizuri tabia yako iendane nayo hata kama kundi lenu ni dogo.

Hatua ya 4: Kupokea kitu

Kitu kikitolewa, mambo matatu yafanyike kabla ya kuagana.

La kwanza, sauti. Mwenye nacho akishike, aseme alikipataje, alikitumiaje, kiliharibika wapi, nani mwingine alikitumia. Dakika tano zinatosha.

La pili, karatasi. Fomu ya ukurasa mmoja, nakala mbili: kitu gani, kina hali gani leo, kimetolewa kama zawadi au kwa kuazimwa. Kikiazimwa, andika mpaka lini. Na waombe watoto wa mzee waweke sahihi kama mashahidi. Hili tulilijifunza kwa uchungu, pale mjukuu alipokuja kudai baiskeli ya babu yake wakati babu mwenyewe alishazikwa na karatasi hatukuwa nayo. Tulimrudishia. Kati ya kitu na amani ya ukoo, toa kitu.

La tatu, namba. Mfumo rahisi ni mwaka, namba ya mtoaji, namba ya kitu. Kwa hiyo 2025.4.2 ni kitu cha pili kutoka kwa mtoaji wa nne wa mwaka 2025. Namba iandikwe kwenye kaunta buku ya kwanza, na ya pili ni nakala inayokaa nyumba nyingine. Juu ya kitu, funga kitepe cha kitambaa cheupe cha pamba kilichoandikwa kwa penseli au wino usiofutika kwa maji. Usiandike kwa makapeni moja kwa moja, usibandike selotepu, usitumie gundi.

Usinunue. Najua wapo wenye shida, na wakati mwingine moyo unauma. Lakini siku mtaa ukijua kwamba mnalipa, vitu vitaanza kuja usiku. Hasa vya reli. Vipande vya reli, mataruma, misumari yake na vifungio ni mali ya umma. Usivipokee hata kwa zawadi bila barua ya Shirika la Reli. Mtu akikuletea, mwambie taratibu avirudishe. Taa ya mkononi, filimbi, kofia, sare na vitabu vya kazi ni habari nyingine, lakini navyo ulizia vilitokaje kazini, na jibu liandike.

Hatua ya 5: Kujua umri wa kitu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayowavuta vijana. Mara nyingi mzee hakumbuki mwaka. Kitu chenyewe kinakumbuka, ukijua pa kutazama.

Tazama jina la shirika la reli lililogongwa kwenye kifungo, sahani au taa. Tanganyika Railways ni kabla ya 1948. East African Railways and Harbours, mara nyingi kwa herufi EAR&H, ni kati ya 1948 na 1969. East African Railways peke yake ni kuanzia 1969 hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. TRC, shirika la reli la Tanzania, ni baada ya hapo. Herufi nne tu, na kifungo cha koti kimejieleza.

Tazama kadi ya chama cha wafanyakazi. TFL iliundwa 1955, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa. Mwaka 1964 ikavunjwa ikazaliwa NUTA. JUWATA ni ya 1978, OTTU ya 1991, kisha baadaye tukapata TUCTA. Tulishapokea bahasha ya mzee mmoja yenye kadi za NUTA, JUWATA na OTTU zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Hakuna kitu chumbani kwetu kinachoelezea maisha ya mfanyakazi wa nchi hii kwa ufupi kama bahasha ile: jina la chama linabadilika, mtu ni yuleyule, na makato yako palepale.

Tazama fedha. Hati ya mshahara ya kabla ya Juni 1966 ni ya shilingi ya Afrika Mashariki. Shilingi ya Tanzania ilianza tarehe 14 Juni 1966. Senti zenye tundu katikati wazee walizifunga kwa uzi. Kama ina jina la mfalme au malkia wa Uingereza, umeshapata enzi yake.

Tazama jina la nchi. Tanganyika ilikoma kuandikwa mwaka 1964, na jina Tanzania lilianza Oktoba ya mwaka huo. Viwanda viliendelea kutumia makaratasi ya zamani mpaka yaishe, kwa hiyo acha nafasi ya mwaka au miwili.

Ukibahatika kupata kipande, kishike kama yai. Kipande ilikuwa kadi ya kibarua enzi za ukoloni, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku iliyofanywa ilitiwa alama, na mshahara ulisubiri siku zote zitimie. Ukiugua au ukikosana na nyapara, siku haikuandikwa. Kutokana na kadi ile, wazee bado wanakiita kipande kitambulisho chochote. Ukimkuta bibi anasema "kipande changu cha kura", hapo ndipo neno lilipotoka.

Hatua ya 6: Kutunza

Adui wa Moshi ni wanne: mchwa, unyevu wa masika, vumbi la kiangazi, na mtu mwenye bidii anayetaka kitu king'ae.

Niongee na huyo wa nne kwanza. Usipige msasa. Usipake rangi. Usipake mafuta ya gari. Ule mpini uliolika upande mmoja umeliwa na kiganja cha mtu kwa miaka ishirini, na ukiulainisha umemfuta yeye. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu. Kutu inayobanduka isugue taratibu kwa kitambaa kikavu, kisha kitu kikae mahali pakavu. Kinatosha hivyo.

Kila kitu kikae juu ya rafu, si sakafuni, na rafu isiguse ukuta. Kila Jumamosi mmoja wenu apite na tochi akitafuta njia za mchwa na unga wa mbao chini ya vitu. Mwezi Februari, kabla ya masika, panda juu ukague mabati.

Nguo, kofia, vikapu na chochote cha nyuzi kikija, kisiingie chumbani moja kwa moja. Kifunge ndani ya mfuko wa nailoni, toa hewa, ufunge vizuri, uweke kwenye friza ya kawaida wiki mbili. Wadudu na mayai yao watakufa. Ukikitoa, kiache ndani ya mfuko siku nzima ndipo ufungue, kisije kikatota. Mwenye duka la samaki jirani yetu alitupa kona ya friza yake, na sare tatu za reli zimelala pale kando ya sato.

Picha zishikwe pembeni, si usoni. Usizilaminishe hata kidogo: ukishalaminisha hakuna kurudi. Ziskani kwa ukali wa dpi 600, rudisha za asili kwenye bahasha za karatasi, na ukutani tundika nakala. Jua la dirishani linakula picha, wino na rangi ya khanga, kwa hiyo pazia ni muhimu kuliko fremu nzuri. Redio za zamani zitoe betri.

Jambo la hatari: bomba za kupulizia dawa mibuni. Zilibeba mrututu na dawa nyingine kali, na masalia bado yamo. Vaa glavu, usizioshe karibu na kisima wala bustani, zifunge kwenye nailoni, na ziwekwe mbali na mikono ya watoto. Makopo ya zamani ya dawa yasiyojulikana yapige picha, kisha muulize bwana shamba namna ya kuyatupa.

Hatua ya 7: Jenga chumba kimoja

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu la maonyesho, fanya hili. Pima chumba halisi alichopanga mfanyakazi, nenda na futi, kisha kichore sakafuni kwako kwa chaki. Kile tulichokipima sisi kilikuwa mita tatu kwa tatu na nusu, kikalala watu sita. Weka kitanda, pazia la khanga linalogawa wazazi na watoto, jiko la mkaa, ndoo mbili, sanduku la bati, kalenda ukutani, katambuga za tairi mlangoni, pasi ya mkaa juu ya kabati, chandarua.

Waite wazee wawili au watatu wakipange. Kaa kimya, rekodi. Wetu walibishana karibu nusu saa kuhusu sanduku: chini ya kitanda au kichwani? Mwishowe bibi mmoja akasema sanduku lilikaa kichwani siku za mwisho wa mwezi, na chini ya kitanda siku nyingine zote. Hiyo nimeiandika kwenye maelezo neno kwa neno.

Acha mgeni aingie na aketi kitandani. Vitu vya thamani viweke kwingine, chumbani weka vinavyovumilia kuguswa.

Hatua ya 8: Andika maelezo yanayosomeka

Maneno yasizidi sitini kwa kitu kimoja, herufi kubwa zinazosomeka kwa hatua mbili, kibao kiwe usawa wa kifua ili na mtoto aone. Kiswahili kiwe cha hapa. Vitu vya kihambani viite kwa jina la Kichaga kwanza, halafu la Kiswahili.

Maelezo mabaya ni haya: "Pasi ya mkaa. Ilitumika zamani." Yaliyopo kwetu sasa yanasema: "Pasi hii ilinyoosha sare ya mtumishi wa stesheni kila Jumapili jioni. Mkaa wake ni ule uliobaki baada ya kupika, ili usinunuliwe mwingine. Mkewe alianza na kola, kwa sababu mkubwa wa kazi alitazama kola. Waya kwenye mpini aliufunga yeye mwenyewe pasi ilipoanguka." Yote hayo yametoka kwenye dakika tano za hatua ya 4. Kama hukurekodi, hapa utabaki na "ilitumika zamani".

Ukitaja mshahara, taja na kilichonunuliwa. Tarakimu peke yake haimwambii kitu kijana wa leo. Mpe mzee aitafsiri kwa vitu: debe ngapi za mahindi, kodi ya miezi mingapi, ada ya mtoto yupi.

Kabla ya kuchapisha, mpe mwanafunzi wa darasa la sita asome kwa sauti. Atakapokwama, andika upya hapo.

Hatua ya 9: Serikali na kufungua mlango

Anza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha afisa utamaduni wa halmashauri. Moshi ni manispaa, Arusha ni jiji, lakini njia ni ileile. Kikundi cha kijamii husajiliwa huko halmashauri. Mkikua na kuanza kupokea misaada mikubwa, ndipo mfikirie usajili wa shirika lisilo la kiserikali. Ukitaka kupiga picha stesheni au kiwandani, omba kibali kwa maandishi na ukisubiri.

Siku ya kufungua ni Mei Mosi, sioni nyingine inayofaa. Baada ya maandamano watu wako mjini, wamevaa fulana za vyama vyao, na wana muda. Wazee waliotoa vitu wakae viti vya mbele, na mkasi wa utepe ashike mmoja wao kabla ya mgeni rasmi.

Saa za kawaida zipange kwa kumtazama mfanyakazi mwenyewe. Sisi tulifungua Jumatatu hadi Ijumaa mchana, tukapata watalii wawili na mbuzi. Tulipohamia Jumapili kuanzia saa nane, baada ya ibada, zikaanza kuja familia nzima. Wanafunzi waje siku za wiki kwa mpango na walimu wao, na kila darasa likutane na mzee mmoja aliye hai, aketi chumbani aulizwe maswali. Kiingilio tumekiacha bure kwa wakazi, kuna kopo mlangoni.

Kando ya kopo weka daftari la wageni lenye safu tatu: jina, kazi ya mzazi au babu, na "nyumbani mna nini?" Safu ya tatu ndiyo imetuletea nusu ya vitu tulivyonavyo. Mtu akiandika "taa ya reli", "kadi za marehemu", "sinia ya mama", mpigie ndani ya siku tatu, kabla toroli la vyuma chakavu halijapita.